Siku Yangu Moja, Shilingi Mia

Hakimu alisema: faini shilingi elfu tatu, ukishindwa kulipa mwezi mmoja gerezani. Karani akaandika, askari akanigusa bega, nikateremka kizimbani, na jina la mwingine likaitwa. Tangu nilipopanda mpaka niliposhuka sidhani kama zilipita dakika nne. Ilikuwa Julai mwaka 2018, siku ya Jumatatu, nami nilikuwa nimelala seli tangu Ijumaa usiku.

Mji sitautaja, wala mahakama, wala gereza. Ni hapa Pwani ya Kenya, na yaliyonipata mimi yamewapata wanawake wa miji mingine mingi.

Kosa langu lilikuwa kuuza viazi karai kando ya barabara bila leseni. Nilikuwa na meza ndogo karibu na steji ya matatu, jiko la mkaa, karai, ndoo ya unga uliokorogwa na manjano na pilipili, na chupa mbili za ukwaju. Nilitandaza saa kumi alasiri watu wakitoka kazini, nikafunga saa tatu usiku. Siku nzuri nilibaki na shilingi mia nne baada ya kutoa viazi, mafuta, mkaa na unga. Siku ya mvua mia na hamsini, na wakati mwingine viazi vilirudi nyumbani vikawa chakula chetu cha usiku na cha asubuhi.

Leseni nilikuwa nimeiulizia mara mbili. Pesa zilizotakiwa kwa mwaka sikuwahi kuzishika kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo nilifanya kama wenzangu: kila siku nalipa ushuru, napewa tikiti, naendelea. Ijumaa ile tikiti ya siku ilikuwa kibindoni. Askari alipokuja nilimtolea. Akaitazama, akanirudishia, akasema, "Mama, hii ni ya ushuru. Mimi nauliza leseni." Na alisema kweli. Ni vitu viwili. Mimi miaka yote niliamini kwamba anayechukua pesa yangu kila siku amenikubali niwepo pale.

Mafuta ya moto yalimwagwa mtaroni. Karai, meza na jiko vikapanda gari, nami nikapanda.

Seli, mwenzangu mmoja aliyewahi kupita njia hiyo alinishauri: "Ukiulizwa, kubali. Ukikataa watakurudisha rumande, na rumande ni ndefu kuliko kifungo." Nilimwamini. Miaka baadaye ndipo niliposikia kwamba Katiba ya 2010, ibara ya 49, inasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi sita. Simlaumu mwenzangu. Alinipa alichokuwa nacho. Lakini nafikiria ni wangapi wamesema "ni kweli" kwa kuogopa kitu ambacho Katiba yenyewe imekikataza.

Basi nilipanda kizimbani, mashtaka yakasomwa, nikaulizwa, "Ni kweli au si kweli?" Nikasema ni kweli. Kiongozi wa mashtaka akaeleza nilipokamatwa na nilichokuwa nacho. Nikaulizwa kama nina la kusema kabla ya hukumu. Nikasema, "Naomba mahakama inihurumie."

Hapo ndipo nilipojifungia mlango, na ningependa kila mwanamke anayeuza kitu barabarani aelewe kwa nini. Maneno hayo hakimu huyasikia mara thelathini kwa asubuhi moja. Hayamwambii chochote. Hakimu hanijui, hana njia ya kujua kwamba elfu tatu kwangu ni siku nane nzuri za kazi bila kula, kwamba nina watoto watatu na mkubwa wao ana miaka kumi na sita, kwamba baba yao tuliachana zamani, kwamba vyombo vyangu vya kazi vimechukuliwa. Nilipaswa kuyasema hayo kwa hesabu: napata mia nne kwa siku, watoto ni watatu, naomba siku kumi na tano nilipe kidogo kidogo, au naomba kifungo cha nje. Siwezi kuapa kwamba angekubali. Najua tu kwamba hakuna aliyemwomba.

Kabla yangu alikuwa amepanda kondakta wa matatu aliyezidisha abiria. Elfu tano. Tulishuka kwenye seli za chini pamoja, na kabla sijapata pa kuketi jina lake likaitwa: tajiri wa gari ameshalipa. Alitoka akifunga kamba za viatu. Nilimfurahia, kijana wa watu. Lakini niliona pale kwamba yeye alitozwa zaidi yangu na adhabu yake ilikuwa dakika kumi.

Binti yangu alifika mahakamani saa saba akiwa na elfu moja na mia mbili. Mia tano zilitoka kwenye chama, mia tatu kwa jirani, mia nne alipewa na mwalimu wake. Alipoambiwa ni elfu tatu, akageuka nazo kwenda kutafuta zilizobaki. Hakuna aliyemwambia, na yeye hakujua kuuliza, kwamba hata sehemu ya faini ina kazi yake. Alasiri lori la magereza likaondoka nami.

Sitaeleza sana mapokezi. Unavua, unakaguliwa, unapewa sare, unaandikwa. Chakula ni uji asubuhi, ugali na maharagwe, au ugali na kabeji. Usiku taa haizimwi. Kuhesabiwa kunachosha kuliko kazi: mnachutama watano watano, mnahesabiwa, hesabu inakataa, mnaanza tena.

Nilichokuwa sikukitarajia ni kwamba wengi waliolala karibu nami hawakuwa wamemwibia mtu wala kumjeruhi. Walikuwa watu wa faini, kama mimi. Mmoja alikutwa na madumu mawili ya chang'aa. Alipigwa elfu ishirini ama miezi sita, na mumewe hakuwahi kuja hata siku moja. Mmoja, mama mtu mzima wa kutoka bara ya Kwale, alikamatwa na kuni za msituni. Hakuelewa vizuri Kiswahili cha mahakama. Alikuwa akituuliza sisi amefungwa siku ngapi. Mwingine alikuwa na mtoto mgongoni, kwa sababu sheria inamruhusu mtoto kukaa na mamake gerezani mpaka atimize miaka minne. Mtoto yule alikuwa ameanza kutembea. Tulipochutama kuhesabiwa naye alichutama, mwenyewe, bila kuambiwa.

Kulikuwa na dada mmoja aliyefungwa miezi mitatu ambaye alinifundisha kitu cha ajabu. Nikamwambia mimi nina mwezi mmoja tu. Akasema, "Pole. Wewe huna remisheni." Sheria ya magereza inampunguzia mfungwa theluthi moja ya kifungo akiwa na mwenendo mzuri, lakini ni kwa mwenye kifungo kinachozidi mwezi mmoja. Mwenye mwezi mmoja au chini yake anakaa siku zote. Miezi mitatu yake ilikuwa miwili. Mwezi wangu ulikuwa mwezi.

Siku ya sita binti yangu akaja. Alikuwa amevaa sare ya shule ingawa ilikuwa wazi kwamba hajatoka shule. Alikuwa na zile elfu moja na mia mbili, zilezile, amezifunga kwenye kitambaa. Afisa wa ofisini, mama mmoja wa makamo aliyesema kwa upole, ndiye aliyetueleza jambo ambalo lingepaswa kusemwa siku ya kwanza. Akasema, "Mwanangu, lete hizo. Faini inaweza kulipwa sehemu, na siku zinapungua kwa kadiri ya ulicholipa."

Akachukua kalamu akapiga hesabu mbele yetu. Elfu tatu kwa siku thelathini. Siku moja ni shilingi mia. Umelipa elfu moja na mia mbili, zimeondoka siku kumi na mbili, zimebaki kumi na nane, na sita umeshakaa.

Nilisikia ile mia ikinigonga kichwani. Kumbe siku yangu ilikuwa na bei, na bei yenyewe haikufika hata nilichopata siku ya mvua.

Binti yangu akaniinamia. "Mama, kwenye kopo la majani ya chai kuna elfu moja na mia tano."

"Hizo ni za kodi."

"Najua. Afisa amesema siku ni mia. Hizo ni siku kumi na tano. Wewe zimekubakia kumi na mbili tu. Nikizileta kesho, unatoka."

Alikuwa amepiga hesabu haraka kuliko mimi, na alikuwa sawa. Nilimtazama. Kodi yetu ilikuwa elfu mbili na mia tano, mwisho wa mwezi ulikuwa karibu, na mwenye nyumba wetu hakuwa mtu wa kusubiri; kufuli lake nililijua. Nikitoka na kodi haipo, tutakuwa nje wote wanne, bila karai, bila meza. Nikikaa, watakuwa ndani watatu. Nikamwambia, "Ziache zilipo. Mpelekee mwenye nyumba umwombe zilizobaki azingoje. Mimi nitakaa."

Akalia. Mimi sikulia mpaka alipoondoka.

Nimeulizwa na watu wa karibu, kwa nini hukuchukua mkopo, kwa nini hukumpigia fulani. Anayeuliza hivyo hajawahi kukopa akiwa gerezani. Muuza duka wa mtaani alikuwa tayari kutoa elfu moja na mia nane ili arudishiwe elfu mbili na mia tano. Ningetoka nikiwa na deni kubwa kuliko faini iliyobaki, na bila kitendea kazi.

Mwaka uliofuata chama chetu kilimwalika afisa wa probesheni aje atueleze. Hapo nikasikia kwamba Kenya ina sheria ya huduma kwa jamii tangu 1998. Mtu aliyepatikana na kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka mitatu anaweza kuamriwa afanye kazi ya umma bila malipo: kufagia hospitali, kupanda miti, kuzibua mitaro, kisha analala kwake na watoto wake. Afisa wa probesheni anachunguza hali ya mtu, anaandika ripoti, na mtu mwenyewe anakubali. Sheria hiyo ilikuwa na umri wa karibu miaka ishirini siku niliyosimama kizimbani. Nilikaa kimya kikao kizima. Mwishoni nikamuuliza, "Mimi ningeweza kuiomba?" Akasema ndiyo. Sikuwa na swali lingine.

Wakili mmoja wa msaada wa kisheria naye alituonyesha ngazi iliyo kwenye sheria ya makosa ya jinai, kifungu cha 28, inayosema kutokulipa faini kunamfunga mtu muda gani, pale ambapo sheria nyingine haikusema vinginevyo. Faini isiyozidi shilingi 500, mwisho siku 14. Inayozidi 500 mpaka 2,500, mwezi mmoja. Inayozidi 2,500 mpaka 15,000, miezi mitatu. Mpaka 50,000, miezi sita. Inayozidi 50,000, hata iwe kubwa kiasi gani, mwisho miezi kumi na miwili.

Nilirudi nyumbani na karatasi ile nikafanya hesabu ya yule afisa wa gereza. Aliyepigwa faini ya 500 akashindwa, anaweza kukaa siku 14, kwa hiyo siku yake ni kama shilingi 36. Aliyepigwa faini ya milioni moja akashindwa, hawezi kuzidi mwaka. Siku yake inakaribia shilingi 2,740. Kadiri unavyokuwa mdogo ndivyo siku yako inavyouzwa rahisi. Nilirudia mara mbili nikidhani nimekosea. Sikukosea. Hii ndiyo sababu simwelewi mtu anayesema faini ni sawa kwa wote kwa kuwa sheria ni moja.

Sisemi nisingeadhibiwa. Barabara ni ya wote, na mtu akianguka kwenye jiko langu la mafuta ya moto atakuwa ameumia kwa sababu yangu. Ninachosema ni kuhusu muda. Ningepewa siku kumi na tano nikiwa nje, hata nikikatazwa barabarani, kufua nguo za watu mtaani kwetu kulikuwa kunalipa mia tatu, mia nne kwa siku. Nikiweka mia mbili kando kila siku, siku ya kumi na tano elfu tatu imetimia. Mimi nilikaa ndani siku 18. Serikali ikanilisha, ikanilinda, ikanisafirisha kwa lori, na zile elfu moja na mia nane zilizobaki haikuzipata.

Mwaka 2020, korona ilipoingia, mahakama zilipitia upya vifungo na maelfu ya watu wa makosa madogo wakaachiliwa ili magereza yapungue. Nilishukuru kwa ajili yao. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Ikiwa walitolewa ndani ya wiki chache na nchi ikakaa salama, walikuwa wamewekwa ndani kumkinga nani? Mwisho wa mwaka huohuo, tarehe 4 Desemba, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni yake kwamba sheria za uzururaji, zile za kumkamata mtu kwa kuonekana hana kazi wala makao, zinapingana na Mkataba wa Afrika. Kosa langu halikuwa uzururaji. Hata hivyo binti yangu alinisomea habari ile kwenye simu, sentensi moja moja, na nikamwomba arudie. Kulikuwa na watu Arusha, wamevaa majoho, wanaozungumza juu yetu.

Siku hizi nikisikia mwenzetu amekamatwa naenda mahakamani asubuhi. Siko kama wakili. Nakaa kwenye benchi la nje na familia, nawaambia yale ambayo binti yangu hakuambiwa: uliza siku za kulipa, uliza kulipa kwa sehemu, uliza probesheni, usirudi na pesa nyumbani kwa sababu hazijatimia. Nikipata nafasi ya kusema na mwenyewe kabla hajapandishwa, namwambia aache huruma, ataje shilingi.

Nilitoka Alhamisi, asubuhi. Walinirudishia nguo zangu, simu iliyozimika, na kibindo. Ndani ya kibindo ilikuwamo ile tikiti ya ushuru ya Ijumaa, imekunjwa vilevile. Nilipitia kwanza yadi ya vitu vilivyochukuliwa kuulizia karai. Nikaambiwa kuitoa ni elfu moja na mia tano. Karai nililinunua mia tisa. Nikaliacha.

Nilishuka steji saa kumi na nusu. Nilisikia harufu ya manjano na mafuta kabla sijaona kitu. Pale pale mahali pangu, juu ya matofali matatu, palikuwa na karai la kuazima, na nyuma yake alikuwa binti yangu, na sketi yake ya shule, anageuza viazi kwa mwiko wa ugali. Kaka zake wawili walikuwa wamekaa kwenye ndoo, mmoja anatazama barabara upande wa mjini, mwingine upande wa pili, kama walivyopangwa. Siku kumi na tatu za shule zilikuwa zimempita. Kodi ilikuwa imelipwa yote.

Aliniona, akaacha mwiko, akanikumbatia na mikono yake ya unga. Nikamwambia, "Mwanangu, ondoka hapa. Funga tuondoke, watakuja."

"Usiogope, mama," akasema, akaingiza mkono mfukoni mwa sketi akanionyesha. "Tikiti ninayo."